Nyumba Yangu Uliyoitia Nyufa

Nekesa mjukuu wangu,

Sikusalimii kwanza. Nina hasira, na mtu mwenye hasira akianza na salamu anadanganya.

Jumapili, tukitoka kanisani hapa Myanga, Wafula mtoto wa ndugu yangu alinisukumia simu mbele ya uso. "Shangazi, jione! Mjukuu wako amekuweka kwa maonyesho huko Kitale." Nikaangalia. Nyumba imeinama kama ng'ombe mgonjwa, ukuta una nyufa, na mlangoni kuna mwanamke mzee ameshika tama. Chini umeandika jina langu. Ati ni michoro ya wanawake na makao yao, na watu wa mjini wanasimama mbele yake wakitikisa vichwa.

Kushika tama, Nekesa! Hapa kwetu mtu anashika tama akifiwa. Nani amekufa kwangu?

Sasa sikia kazi ambayo picha yako inafanya. Wafula ameipeleka kwa wazee wa ukoo. Amewaambia, "Hata mjukuu mwenyewe ameona nyumba inaanguka. Huyu mama aende Kitale akatunzwe, na hicho kipande tukilime." Kipande chenyewe ni hiki alichonipa baba yangu kando ya ua, niliporudi kutoka kwa ndoa kule Sirisia na mama yako mgongoni. Miaka yote hii wamekitaka, wakakosa sababu. Wewe umewachorea sababu, na rangi ukaweka.

Mtu mwingine ningemsamehe. Si wewe ulikuwepo? Mama yako alikuwa amekufa, una miaka sita, na nyumba ya kwanza imeliwa na mchwa. Fundi akakataa kuezeka mpya, ati hapandi nyumba ambayo haina mwanamume. Nikapanda mwenyewe. Mwanamke juu ya paa! Majirani waliacha majembe shambani wakaja kuangalia mwiko. Wewe ulikuwa chini na misumari kwa sufuria, unamwita bibi yako kwa kelele: "Kukhu, shika mti! Kukhu, wanakucheka!" Nikakujibu, "Wacha wacheke. Mvua ikija tutajua nani amelala pakavu." Hiyo hukuikumbuka siku ulipopewa karatasi ya kuchora?

Na kila Desemba tukikandika ukuta, ni nani alikuwa anakanyaga udongo mpaka magotini? Ni nani alichora kuku kwa makaa kando ya dirisha, nikamfokea hadi akajificha kwa migomba, halafu nikapitisha udongo kandokando ya huyo kuku nisimfute? Bado yuko. Umejifunza kuchora kwa ukuta wangu, bana. Ukuta huohuo ndio umeutia nyufa.

Shule niliachia darasa la nne, lakini kuangalia najua. Jana nilimwambia Wafula anionyeshe tena. Akafurahi, akafikiri nimekubali kufunga virago. Niliangalia mpaka simu ikazimika, akaiwasha, nikaangalia tena. Huyo mwanamke wako amevaa sweta ya kijani iliyokosa kifungo cha katikati. Sweta hiyo niliigawa zamani. Mara ya mwisho kuivaa ni siku uliyoenda Kitale. Nilikuambia nenda na usigeuke, mimi nina magugu ya kupalilia.

Kumbe uligeuka.

Basi ni kweli. Siku hiyo nilikaa mlangoni nikashika tama mpaka jua likahama, na jembe sikuligusa. Lakini nilikuwa ninamlilia mtu, Nekesa. Sikuwa ninalilia nyumba. Wewe ukachukua huzuni yangu, ambayo hata sikukupa, ukaibandika kwa ukuta ambao haukunikosea kitu. Kama ulijua ninakulilia, mbona hukurudi hata Krismasi moja? Na kama hukujua, mbona ulichora?

Sijibiwi kwa simu. Jumamosi saa nne wazee wanaketi hapa uani kwangu. Uje. Usilete mkate, usilete sukari, usije na maneno ya "pole kukhu". Lete karatasi yenyewe, si ya kwa simu. Simama mbele ya hao wanaume useme kwa mdomo wako kwamba huyo mwanamke alikuwa analia kwa sababu yako. Wakiuliza nyufa zilitoka wapi, useme umezitunga. Kisha ukuta uko pale nyuma yako, waupige ngumi wakitaka.

Utaona aibu. Ona tu. Aibu haijawahi kuvunja mtu mfupa.

Usipokuja nitasema mwenyewe, si unanijua. Ila mimi nikizungumza wataangalia simu ya Wafula, kwa sababu wewe umesoma na mimi sijasoma.

Safari njema ya kuja. Ya kutokuja, sina la kukutakia.

Ni mimi kukhu wako,
mwenye nyumba.