Mkonga na Mjerumani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Limefika gari jipya la wagonjwa! Jeupe pe, taa za bluu juu, mlango wa kusukuma pembeni. Wafadhili wa huko Ujerumani wa Sista Teodora, mkuu wa kituo, wamelileta kwa meli mpaka Dar. Leo padri amelinyunyizia maji ya baraka hapa mbele ya kituo cha afya, tukapiga makofi. Watu wamelipa jina papo hapo – Mjerumani.

Ufunguo kapewa Getruda.

Miaka ishirini na miwili nawavusha wagonjwa wa kituo hiki kwenda Mwanza. Getruda, dereva mwenzangu, ana miaka minne kazini. Sista anasema, Mzee Nestory, wewe na Mkonga wako mmeshazoeana. Ni kweli tumezoeana. Landkruza ya mwaka tisini na nane, bomba la hewa limesimama ubavuni kama mkonga wa tembo. Lakini kuambiwa hivyo mbele ya watu wote! Imeniuma. Hapa naandika nyuma ya kitabu cha safari cha zamani, hakuna wa kusoma, basi naandika. Imeniuma.

Jumatano, 13 Agosti

Mwanza, dukani kwa Aftab, kuchukua springi ya Mkonga. Dakika kumi nimeipata, tena napewa nichague, ya Japani au ya Dubai. Nikamuuliza kwa uchokozi tu: na filta ya Mjerumani? Kacheka. Siku kumi na mbili kutoka Dar, na fundi wake lazima awe na kompyuta.

Nimerudi nikiimba. Jioni nimewahutubia wote pale kwa Masele, mlinzi wetu, getini. Gari la Mjapani unalifunga kwa waya linafika. La Mzungu taa moja ikiwaka dashibodi linagoma kama bibi harusi. Masele alicheka mpaka akashika mbavu. Mkewe Rebeka alikuwa amemletea chakula, tumbo limeshakuwa kubwa, naye akacheka.

Getruda hakucheka. Aliniambia, shikamoo Baba Mayala, taa ikiwaka si inakuambia mapema? Mkonga wako hausemi kitu mpaka unalala barabarani.

Nimemwitikia marahaba, nikaenda zangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Niandike ukweli maana ni kwangu mwenyewe. Leo Mkonga umekatika feni belti karibu na Busisi na nilikuwa na bibi aliyevunjika nyonga. Getruda kaja na Mjerumani, tukamhamisha. Bibi yule kwangu alikuwa analia kila shimo. Mle ndani kalala usingizi mpaka Mwanza.

Nami nimefunga belti ya akiba nikarudi peke yangu. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 2 Septemba

Getruda kaenda Nansio, kafiwa na shangazi yake. Siku tano. Sista kanipa ufunguo wa Mjerumani na lile buku lake nene la maelekezo. Buku nimeliacha kwenye kiti.

Safari ya kwanza, Mwanza na kurudi. Linateleza! Usukani unausogeza kwa kidole. Lakini nikaona kitu ambacho huyu binti hajakiona – sindano ya joto. Iko katikati! Imefika katikati na imeganda pale pale. Ya Mkonga haipandi hata robo, mchana wa jua kali na watu kumi nyuma. Nikasema hapa pana hatari, hili gari linataka kuchemsha na mwenyewe hajui.

Basi nimefanya kama nilivyofundishwa na marehemu Mzee Luhaga, fundi wangu wa kwanza. Kila gari linaloingia mkononi, kwanza toa themostati, kile kidude cha kuziba na kufungua maji ya injini. Wazungu wameiweka kwa ajili ya baridi yao, huku kwetu inazuia maji tu. Mkonga niliutoa ya kwake mwaka ule ule ulipofika. Magari yote ya huku yametolewa. Ya Mjerumani imejificha, imenichukua saa mbili na vidole vimechubuka. Maji ya rangi yamemwagika, nikajaza ya ziwani, dumu moja na nusu.

Jioni nikalijaribu, tupu, mpaka Busisi. Sindano chini kabisa! Nimefurahi kama mtoto. Kompyuta gani tena? Hiki kidude nimekitia kwenye kopo la sukari, chini ya kiti cha Mkonga. Akirudi nitamwonyesha mbele ya wote.

Jumatatu, 8 Septemba

Getruda amerudi, amekonda. Nilitaka kumwambia asubuhi lakini ana msiba. Baadaye aliniuliza mwenyewe: Baba Mayala, mbona injini inachelewa kupata moto? Nikasema ni baridi ya asubuhi.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Labda ni vile alivyokuwa ameshika buku. Kesho nitamwambia.

Alhamisi, 18 Septemba

Rebeka amekufa.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika.

Jana asubuhi Rebeka alijifungua hapa kituoni, mtoto wa kiume, mzima, analia vizuri. Mchana damu ikaanza na haikukoma. Daktari akasema Mwanza, haraka. Getruda akaondoka na Mjerumani saa saba na nusu, nyuma muuguzi Winnie na Masele. Mimi nilikuwa nimepeleka chanjo vijijini, upande mwingine kabisa.

Simu ya Getruda ilikuja saa nane na robo. Alikuwa akipumua kwa shida. Kwenye kile kilima kirefu kabla ya Busisi taa nyekundu imewaka, akasimama kama buku linavyosema, akasubiri, akaongeza maji, akaondoka. Kilomita mbili. Moshi mweupe, injini ikanyamaza. Baba Mayala, njoo!

Nimekwenda. Sijawahi kuendesha vile. Dakika hamsini na tano, na Mkonga haukunung'unika hata mara moja. Nimewakuta chini ya jua, milango wazi, Winnie kapiga magoti anakandamiza tumbo kwa ngumi mbili, jasho linamtiririka. Getruda alikuwa amesimamisha magari yote yanayopita, na yote yalikuwa malori ya mizigo na pikipiki, hakuna pa kumlaza. Masele alikuwa akimwambia mkewe habari za mtoto, pua yake ni ya babu, vidole vyake virefu. Anarudia yale yale.

Tukamhamisha. Tukalifikia daraja jipya la ziwani. Katikati ya daraja Winnie akagonga kioo mara mbili, akasema, punguza mwendo, Baba Mayala.

Nikapunguza.

Miaka ya kivuko mgonjwa akitufia Busisi tulisema ni foleni. Kila mtu alielewa, hata ndugu wa marehemu. Sasa daraja lipo, dakika chache uko Kigongo, ng'ambo ya pili, na foleni ya kusingizia haipo tena.

Jumapili, 21 Septemba

Tumemzika. Watu wengi. Mtoto kashikwa na bibi yake, kafungwa kitenge cha njano, analala tu.

Makaburini wazee wamenizunguka. Ulisema, Nestory! Ulisema toka mwanzo hayo magari ya Wazungu si ya huku kwetu! Mmoja kanishika mkono kwa mikono miwili. Wiki zote hizi nilitaka niambiwe hivyo. Leo nimeambiwa, na nimetamani ardhi ipasuke.

Masele kanifuata. Macho yamevimba. Akasema, asante Baba Mayala, wewe ulikuja. Ungekuwa wewe na Mkonga tangu mwanzo mke wangu angekuwepo.

Nimesema pole.

Getruda alisimama mbali peke yake. Hakuna aliyempa mkono.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesoma buku. Lina kurasa za Kiingereza, nimezisoma taratibu na kamusi ya mwanangu Mayala. Ukurasa wa arobaini na moja una picha ya sindano. Katikati. Imeandikwa kuwa hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Lilikuwa zima. Gari lilikuwa zima kabisa nami nikalitibu.

Jumatano, 24 Septemba

Fundi Elias amekuja kutoka Mwanza na kompyuta yake. Kafungua hapa hapa uwanjani, sote tumesimama. Hakuhitaji kompyuta. Alichomoa mpira mmoja, akachungulia, akauliza: themostati iko wapi?

Getruda akainama naye kuchungulia.

Akaeleza kwa upole, kama mwalimu. Kwenye injini hii themostati ina kazi mbili. Maji yakipata moto inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Tambarare hutajua, utaona sindano iko chini ukafurahi. Siku ya mlima, jua na mzigo, maji yanazunguka humo humo ndani yanachemka, rejeta hayaifikii ya kutosha. Nikathubutu kumuuliza, mbona magari ya Kijapani tunatoa na yanakwenda? Akasema, si yote, mzee, nayo mengine huwa yanaumia. Ila Mkonga wako unasamehe. Hili halisamehe.

Akaongeza, na kulanti, yale maji ya rangi, iko wapi? Maji matupu haya, tena yana mchanga.

Getruda alitoa daftari lake. Kila kitu kimo, tarehe, kilomita, hata upepo wa tairi. Themostati hamna. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajui, hajawahi kuigusa. Mwenyekiti wa kamati ya kituo akasema, gari lilikuwa mikononi mwako. Sista akakumbuka zile siku tano za Nansio, akanitazama. Nikafungua mdomo. Mwenyekiti akawahi: huyu mzee? Alikuwa analiogopa hilo gari, kila siku anasema hatalitia hata spana!

Watu wakaguna kukubali. Nami nikafunga mdomo. Mungu wangu, niliufunga.

Alhamisi, 25 Septemba

Getruda kaja nyumbani jioni. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Shikamoo. Marahaba. Baba Mayala, nakuuliza kama baba yangu. Wakati sipo, kuna fundi yeyote aliyeliona gari?

Nimesema hapana. Na ni kweli, hakuna fundi aliyeliona. Nimejidharau nilivyoona unafuu kwa neno hilo.

Akashukuru! Akaenda. Kesho kamati. Wakimfukuza, nani atampa tena gari la kuendesha, mwanamke mwenye maiti kwenye jina lake?

Sijala.

Ijumaa, 26 Septemba

Benchi la nje ya ofisi ya Sista. Saa nne. Getruda yuko ndani tangu saa tatu. Nasikia sauti ya mwenyekiti, yake siisikii. Baada yake ni mimi, shahidi, niseme habari ya kulifuata gari na Mkonga.

Kopo nimeliacha. Kidude ninacho mfukoni. Asubuhi nilikwenda ufukweni kukitupa, nikasimama pale nilipochota lile dumu, nikashindwa. Nikasema nitakiweka mezani kwao. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikakaa hapa.

Masele kaja kukaa kando yangu. Naye ameitwa. Amembeba mtoto mwenyewe leo, bibi anaumwa mgongo. Kanipa nimpakate kidogo ili avae koti vizuri. Mwepesi mno. Nilipoinama kumpokea kidude kimechomoka mfukoni, kikagonga saruji, kikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Masele.

Amekiokota. Anakigeuzageuza, anakibonyeza springi kwa kidole gumba, kinarudi. Kaniuliza ni nini hiki. Nimesema cha gari. Mtoto nimemrudishia, nimechukua kitabu, najifanya naandika safari ya jana.

Ndani wamemaliza na Getruda. Kiti kimesogezwa.

Masele bado amekishika. Ananiuliza, Baba Mayala, cha gari gani?