Rupia Zilikolala

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefungua duka saa mbili. Nimepangusa kioo cha kabati, nimesogeza meza karibu na dirisha la mashariki. Fedha huangaliwa kwa mwanga wa asubuhi. Taa hudanganya. Kabla ya saa nne nimeangalia sarafu tano. Nne rangi yake ni ya umri. Moja imepikwa kwa dawa ya masonara, ile inayonuka yai viza. Bwana Taher, mwenye duka, hakuangalia tena baada yangu. Mwaka wa sita huu analiamini jicho langu. Nalipenda hilo kuliko mshahara.

Saa tano amekuja Bi Zuhura wa Kuze. Mumewe alikuwa sonara, amefariki mwezi wa saba. Ameleta mkebe wa majani ya chai, ndani rupia kumi na moja za fedha, za zamani, zenye kichwa cha mfalme. Ni mahari yake. Marehemu alimwambia ni za bibi yake, za kurithi. Sasa wifi yake amesema kwenye hitima, mbele ya watu, kwamba kaka yake aliziokota mnadani akazipika ili zionekane za ukoo.

Haulizi bei. Anataka kujua kama mumewe alimdanganya.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezipima moja moja. Uzito sawa. Mlio sawa. Rangi si sawa.

Rangi ya umri huingia polepole kutoka ukingoni: manjano, kisha damu ya mzee, kisha buluu. Hujificha nyuma ya herufi. Hizi zina rangi uso mmoja tu. Mgongo mweupe. Buluu imepita juu ya kila kitu, hata pua ya mfalme. Nimepitisha pamba yenye asetoni, imetoka na rangi ya chai. Nimenusa. Moshi.

Daftari la duka lina safu saba. Nimejaza sita. Ya saba ni "Imelala wapi", yaani sarafu ilikuwa imehifadhiwa wapi. Bwana Taher aliichora kwa mkono wake na hutaka ijazwe kwanza, kabla ya lenzi. Nimeiacha wazi. Sikuona haja. Sonara, moshi, uso mmoja: ameziweka kwenye kikaango, akazifukiza dawa. Mtu yeyote angeona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amekuja na buibui jipya, kama anayekwenda mahakamani.

"Fedha ni ya kweli, Bi Zuhura. Rangi imepikwa."

"Imepikwa na nani?"

"Na mtu anayeijua kazi."

Nilisema hivyo kwa sababu ilisikika vizuri. Katika nyumba ile aliyeijua kazi alikuwa mmoja.

"Aliijua," amesema. "Mungu amrehemu." Ameondoka na mkebe. Mwavuli ameusahau.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumefunga kabla ya sala. Nimekwenda kwa dada Bondeni, nimekula, nimelala mchana. Sikumfikiria hata mara moja. Nayaandika haya ili nisije nikajisingizia wema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Bi Zuhura amerudi. Safari hii bila mkebe. Amezifunga rupia katika leso kuukuu, akazimwaga mezani.

Nyeupe. Zinang'aa kama sahani za harusi. Ndevu za mfalme zimekwanguka.

"Siku mbili nimezisugua kwa ukwaju na jivu," amesema. "Sasa hazina uwongo. Ziyeyusheni. Sitaki kuziona."

Bwana Taher ameshika kichwa. "Lo, mama! Umetutengenezea vijiko!" Alidhani ni mzaha. Bi Zuhura hakucheka. Mwenye kuyeyusha huja Alhamisi.

Ameiacha leso. Nilipoikunja nikaona upindo una vijumba vya kushonwa, kumi na kimoja, kila kimoja upana wa rupia. Katika kila kijumba pete ya kahawia, iliyokolea ukingoni na kufifia katikati. Inanuka udi.

Nimeiweka kwenye droo yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeingiza rupia katika vijumba. Zote zimekaa. Upande wa nje wa upindo umeungua rangi. Wa ndani, uliokunjwa mara tatu, msafi. Ndiyo maana uso mmoja. Ile rangi ya chai kwenye pamba ilikuwa masizi ya udi.

Nimemwambia Bwana Taher. Amefungua daftari, ameweka kidole kwenye safu iliyo wazi.

"Ulimuuliza zililala wapi?"

"Hapana."

"Kadzo, Kadzo. Mimi mwenyewe ningedhani zimepikwa. Lakini ningeuliza."

Ningependa angenifokea. Amesema rupia zisiyeyushwe mpaka niende Kuze. Peke yangu. Yeye hatabeba ulimi wangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda baada ya alasiri. Bi Zuhura alikuwa sebuleni na wifi yake, Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili.

"Huyu ndiye mpimaji?" amesema Mwanakheri. "Leo umekuja kupima masufuria?"

Nimemuuliza Bi Zuhura swali lililonipasa siku ya kwanza. Zililala wapi?

Amenieleza bila kuniangalia. Marehemu alimpa zikiwa zimeshonwa ndani ya leso. Hakuufumua ule mshono hadi mume alipofariki. Kila Ijumaa na kila sikukuu leso ile ilitandikwa juu ya tenga la kufukizia, chini yake chetezo, pamoja na kanzu zake. Miaka arubaini.

Nimesema: nilikosea. Hakuzipika. Rangi ile ni ya udi wako.

Mwanakheri amenyoosha mkono. "Haya. Zilete hizo rangi tuzione."

Sikuwa nazo. Hakuna aliye nazo. Nimekunjua leso, nimewaonyesha pete za kahawia.

"Kitambaa kichafu," amesema Mwanakheri, akajifunika vizuri akatoka.

Tumebaki wawili. Bi Zuhura ameziangalia kucha zake, bado nyeusi kwa ukwaju.

"Nilimtukana," amesema. "Kila nikisugua, namtukana. Na wewe hukuniuliza."

Sikuomba radhi. Nilishindwa kupata pa kuiweka. Aliponifungulia mlango amesema mwavuli wake niuache dukani, atakuja mwenyewe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amekuja saa tatu. Amekataa chai. Amekaa mezani kwangu, kwenye mwanga, akatoa sindano na uzi. Macho yake hayaoni tundu, nikamtungia. Amezirudisha rupia katika vijumba vyake, moja moja, akashona. Muda wa saa nzima. Bwana Taher alipunguza redio.

Alipomaliza nilimuuliza kama atazifukiza tena.

"Nitafukiza," amesema. "Lakini mimi arubaini nyingine sina."

Amechukua leso na mwavuli.

Nimefungua daftari, nimejaza safu ya saba. Imelala: katika upindo wa leso, juu ya chetezo, Kuze, miaka arubaini. Kisha nimerudi kwenye safu ya rangi, nikafuta "imepikwa". Nimeandika: ilikuwa ya kweli.