Baba, Leo Wote Wanajidai Walimpenda Nasra

Baba yangu kipenzi,

Nna hasira, na wa kumwambia ni wewe tu, japo hupo.

Unaikumbuka harusi ya kule mtaani Ghubra? Wewe mhakiki wa muziki, uliyewachosha wasomaji wa gazeti kwa habari za watunzi wapya, ulimleta yule binti Nasra na ganuni yake, kinanda cha nyuzi nyingi. Watu walitaka taarabu za Unguja walizozizoea. Yeye akapiga kitu alichokitunga mwenyewe, hakina maneno, hakichezeki. Nyuso zikakunjamana. Ami Seif, ndugu yako wa tumbo moja, akainuka: "Huu muziki, au mtu anatafuta ufunguo sandukuni?" Akatoka. Wewe ukapiga makofi peke yako, kwa nguvu, hata Mama akaona haya, akajivutia ushungi usoni.

Hukutosheka. Ukaandika gazetini kwamba masikio yetu yamelala, na ndugu yako ukamtaja kwa jina! Nilikwambia, "Baba, si umtake radhi tu?"

Ukanijibu, "Nimtake radhi kwa kuwa mimi nasikia?"

Ukaidi wako ulinichosha. Umekufa hamsemezani.

Sasa sikiliza. Alkhamisi Nasra kapiga katika ukumbi mkubwa, watu wamejaa mpaka milangoni. Nani kapanda jukwaani kumkaribisha? Ami Seif! "Mimi na marehemu ndugu yangu tulimtambua binti huyu mapema." Wakamshangilia. Mama alinifinya nisiinuke.

Nikamngoja nje, penye magari. "Ami, wewe si ulitoka siku ile?"

"Nilitoka," akasema, hanitazami. "Nikakaa garini, nikashusha kioo. Nilisikiliza mpaka mwisho."

"Mbona hukumwambia Baba?"

"Angelinicheka, mwanangu. Kisha angeliniandika gazetini."

Kwani uongo? Ungelimwandika.

Ijumaa kaja kula kwetu. Mama kampakulia biriani bila ya kumsemeza. Alipomaliza kunawa akaniomba nimsomee makala zako. Nimekaa naye mpaka alasiri, mimi nasoma, yeye anabisha kila mstari, anakugombeza kama kwamba umekaa pale kwenye kochi. Nikamwambia, "Ami, nyamaza nisome." Hakunyamaza. Macho yamemjaa machozi na bado anabisha! Wewe ungelijua la kumjibu. Mimi sijui, na kasema Ijumaa ijayo anarudi.

Mungu akulaze pema, Baba, nami anipe subira na ndugu yako.

Binti yako