Sigara za Bosi Zimekauka

Mbarara, Jumanne, Agosti 2012

Nimesema, na bado nina kazi.

Leo bosi alinifundisha kuvuta zile sigara nene za hoteli, za majani ya tumbaku yaliyoviringwa, kwa kuwa Jumamosi mimi, karani wa stoo, ndiye nitakayewapa wageni wa harusi. "Wewe Mukongo, moshi huu haumezwi. Unauweka mdomoni, unauonja kama chai, unauachia." Nikaumeza. Nilikohoa mpaka machozi, na dada wa jikoni akacheka: "Pole, Pasta." Ananiita hivyo kwa sababu sinywi pombe.

Mara ya pili nilivuta polepole. Nikaonja ngozi, udongo, halafu ukali uliochoma ulimi. Nikaiminya sigara karibu na sikio, ikalia. Mama alilima tumbaku kule kwetu Fizi, Kongo. Jani likilia hivyo limekosa unyevu. Sanduku zima la sigara lilikaa juu ya friji, penye joto, na aliyeliweka ni bosi mwenyewe.

Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kumkosoa. Nikifukuzwa narudi kwa mama, kambini Nakivale, mikono mitupu, na dawa zake...

"Bosi, samahani. Zimekauka."

Akaminya moja, akasikiliza. "Nani alikufundisha?"

"Mama."

Akanisukumia sanduku. "Basi tunza wewe. Jumamosi zikilia, nawe utalia."

Naogopa. Lakini nimelihamishia kabatini, pasipo joto, na kikombe chenye kitambaa kibichi pembeni. Unyevu unarudi polepole. Ukilazimishwa, jani linapasuka. Nina siku nne, na sitaharakisha.