Kaburi la Ngurumo Nyuma ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 3 Machi
Chai ya watu wa kamera, kama kila asubuhi. Wiki ya tatu hii wako hapa nyumbani Shinyalu, nyaya mpaka kwenye banda la ng'ombe. Kazi yangu ni kuketi kando nikiangalia vibonzo nilivyochora vikigeuka watu. Leo nimepewa hati ya sehemu ya mwisho ya tamthilia. Nimeisoma mara mbili. Wamemuua Ngurumo, shujaa wangu.

Kwenye kitabu changu Ngurumo hafi. Anameza radi ya mwisho, nguvu zinamwishia, anarudi kwao kupalilia mahindi kama mtu yeyote. Hadithi nzima ilikuwa inaelekea hapo. Dairekta anasema watazamaji wanataka kulia. Alie yeye.

Jumatano, 5 Machi
Hospitalini, Iguhu. Baba atapasuliwa tumbo Ijumaa. Amekonda sana. Mama analala kwenye kiti kando yake. Baba aliuliza picha zinaendeleaje, maana yeye ndiye aliyewaruhusu kuzipigia kwake, kwa ajili yangu tu. Nikasema vizuri. Sikumwambia wamebadilisha mwisho.

Naogopa hiyo Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Nimefika nyumbani nikakuta kaburi. Si la kuigiza. Limekwenda chini kupita kimo changu, nyuma ya nyumba, upande wanakozikwa watu wa ukoo wetu. Hakuna aliyeniuliza. Wageni hawa hawajui kwamba kwetu kaburi halichimbwi hivi hivi. Likishachimbwa linataka mtu, na mwenye boma hili yuko kitandani Iguhu.

Mama alikuja kuchukua nguo za Baba, akaliona. Hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye udongo.

"Mmemchimbia nani?"

Akasema Baba harudi kwenye boma lenye shimo, na kitu kikimpata kesho nisimwite mama. Akaondoka, nguo za Baba akaziacha.

Nimegombana na dairekta mpaka sauti ikakauka. Anasema kesho wanapiga picha za mazishi, kisha watafukia. Mwigizaji wa Ngurumo naye akamkatalia mbele ya wote: "Siwezi toka Likuyani nikuje kulala kwa sanduku ya maiti nikiwa mzima. Hapana." Nilitaka kumkumbatia.

Shimo bado liko wazi. Namchukia dairekta. Najichukia na mimi kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Baba ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Simu ya Mama haipatikani.

Senje, dada yake Baba, alifika na panga. Hakumsalimia mtu wa kamera hata mmoja. "Shimo haifukiwangi bure. Tuipatie mgomba, iachane na ndugu yangu." Akakata mgomba mnene, tukaufunga blanketi kama maiti, tukaushusha. Siku zote mambo haya nimeyaona ya kizamani. Leo nilitupa udongo kama mwenda wazimu. Senje alilia kwelikweli, majirani wakalia, nami nikalia.

Nilipogeuka, kamera ilikuwa inachukua. Dairekta anasema huo ndio mwisho aliokuwa akiutafuta. Nikamwambia sawa, lakini auonyeshe mgomba, watu wajue Ngurumo hayumo mle. Ameapa.

Mchana hakuna habari za Baba. Jioni hakuna. Nikapanda pikipiki hadi Iguhu, nikamkuta Mama mlangoni. Simu iliisha chaji. Baba ameamka, ameomba uji.

Mama alinishika mkono, akaniingiza kwa Baba bila kunitazama.

Jumapili, 22 Juni
Sehemu ya mwisho imeonyeshwa leo. Tuliitazama sebuleni, Baba kwenye kochi, Mama kando yake. Dairekta mwongo. Kukatwa kwa mgomba amekuondoa. Umebaki mzigo ndani ya blanketi na watu wanaolia. Ngurumo amekufa, kwisha. Simu yangu imejaa pole za watu nisiowajua. Mmoja anasema ameshindwa kula.

Nilikasirika, nikaizima simu. Tangu ile Alhamisi Mama hajalitaja kaburi mbele yangu.

Mara Baba, aliyekwisha kusimuliwa yote na Senje, akainuka, akaielekezea televisheni kidole.

"Wacheni kulia, nyinyi! Hiyo ni mgomba yangu!"

Mama alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka akaniegemea begani, akabaki hapo hadi majina ya waigizaji yakaisha kupita.