Vidonge vya Kugawana

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, ila huku jikoni hotelini tunasimama mpaka miguu inavimba. Kliniki ulienda? Presha haipigi hodi, Baba. Kidonge kila siku, chumvi punguza, na sigara achana nayo.

Binti yako

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Sigara nimebakiza mbili tu, moja ya randa na moja ya msasa. Fundi seremala naye ana haki zake. Kliniki nilienda, nesi akanisifu.

Ila nikwambie ukweli, usinigombeze. Mama yako alipimwa pale duka la dawa, presha yake imepita yangu. Kliniki hataki kusikia, anasema foleni ya kule itamuua kabla ya ugonjwa. Basi vidonge vyangu tunagawana: leo yeye, kesho mimi. Siku ya kliniki nameza mimi, mashine isije ikaniumbua. Ndoa ni kubebana.

Siku hizi nikipiga randa kifua kinabana na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Uzee huo.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Huo si uzee, ni moyo! Nakuomba kesho uende hospitali, useme yote, na hilo la kugawana pia. Nusu dawa haimtibu yeyote. Mama naye apimwe, apewe vyake. Kifua kikibana tena, ukatokwa na kijasho cha baridi, usijilaze kungoja maumivu yapoe. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Baba, naogopa. Nijibu upesi.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Najua unaniuliza hali. Sina hali, mama.

Barua yako ilifika Alhamisi. Baba yako tulikuwa tumemzika Jumanne. Alikuwa karakana, anapiga randa mlango wa jirani, akarudi ndani akasema kifua kimembana, ajilaze kidogo. Nikamfunika shuka, nikafunga dirisha asisumbuliwe na kelele. Nilipokwenda kumwamsha ale, alikuwa wa baridi. Siku ile kidonge nilikuwa nimemeza mimi.

Jana nilikwenda kliniki. Nesi alinipima, akanipa vidonge vyangu vya mwezi mzima. Kwenye foleni tulikuwa watu wanne.

Mama yako