Mkwe Chini ya Blanketi

Kageha mwanangu,

Ukisoma hii nimesharudi kwangu Shinyalu. Uji uko kwa thamosi. Yale maji ya majani ya mkaratusi, Shikanga ajifukize tu, asiyanywe. Mafuta yanayomfungua pua ni sumu yakifika tumboni.

Lakini mbona hukuniambia huyo mume wako ni mgonjwa, haendi kazini? Mkwe wangu nimwone bila shati? Nimejifungia chumbani tangu asubuhi, hata choo sijaenda! Nimepata kutoka alipoinamia sufuria na kujifunika blanketi.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi akipona.

Naandika mbio mbio. Sasa hivi amekohoa humo ndani ya blanketi, akasema, "Mama, maji yalipoa kitambo, lakini andika tu umalize."

Ni mimi mama yako